Ngezi kwa miguu au vyuo vya dini vya Mji Mkongwe?

Konde hadi Ras Kigomasha, huko Pemba, ni njia ya kubeba begi mgongoni. Unaingia msitu wa Ngezi, miti imefunga kivuli, na popo wa Pemba, ambao hawapo kwingine duniani. Ukitoka unaikuta Vumawimbi, mchanga mweupe na watu wa kuhesabu. Maji beba mwenyewe, na kabla ya kupiga hema mwone sheha, kiongozi wa eneo. Masika usijaribu.

Mji Mkongwe hauchoshi miguu, unachosha kichwa. Mtaa wa Ukutani ndiko alikosomesha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefariki 1925, mwaka uleule alioondoka duniani mwalimu wake, Kadhi Sayyid Ahmad bin Sumait. Elimu ilikuwa ya kupiga goti mkekani, kitabu kikiisha ndipo kinafunguliwa kingine. Sijui nani leo angekuwa na subira hiyo. Ukitaka ukale zaidi, panda daladala hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja: ukuta wa kibla wa msikiti una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107.

Mwenye siku mbili ningempeleka mjini, maana Ngezi haitaki haraka. Akiwa na nne, apande boti ya Pemba.