Meguiar's Ultimate Compound na Collinite 845 kwenye jua na vumbi la Arusha

Hukumu kwanza, maelezo baadaye: Ultimate Compound, kampaundi ya kusugulia mikwaruzo ya rangi ya gari, inafaa kununuliwa kama klia ya gari lako (tabaka angavu linalofunika rangi) bado ipo, na 845, waksi ya kukinga rangi, inafaa kwa karibu kila gari linalolala nje. Tatizo ni kwamba wateja wengi huchukua moja na kuitegemea ifanye kazi ya mwenzake. Boneti imefifia, mtu anaipaka waksi na kushangaa kwa nini baada ya wiki imerudi kuwa kijivu. Mwingine rangi yake ni nzima, imekosa kinga tu, lakini anaisugua kampaundi kila mwezi ili ing'ae.

Ultimate Compound inakata. Ina chembe laini sana za kusaga zinazoondoa tabaka jembamba la juu pamoja na mikwaruzo iliyomo. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa kichwa, na hiyo ndiyo akiba yako yote. Collinite 845 haikati kitu. Ni waksi ya maji maji yenye nta ya kanauba, inakaa juu ya rangi na kuzuia maji, vumbi na kinyesi cha ndege visishike.

Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la huku linachoma rangi hata Julai watu wakiwa wamevaa makoti. Ndiyo maana boneti na paa hufa kabla ya milango. Juu ya hapo kuna vumbi laini la udongo wa volkano, ambalo kijana wa maegesho analifuta kwa kitambaa kikavu. Ile mikwaruzo myembamba inayoonekana kuzunguka mwanga wa taa usiku, hasa kwenye gari jeusi, chanzo chake ni kitambaa hicho.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, kampaundi haitautoa. Magari ya safari yanayotoka Tarangire na mistari ya miiba ubavuni huwa na ya aina zote mbili: ile ya juu juu inaondoka vizuri, ile iliyofika rangi ya chini inabaki. Na klia ikishaanza kubanduka kwa mabaka meupe yenye kingo, acha. Hapo ni kazi ya fundi rangi, na kampaundi itapanua kidonda.

Osha kwa shampuu ya gari na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji. Madoa ya lami yatoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha uoshe tena pale pale. Gari likikauka, vaa mkononi nailoni ya mkate (mifuko ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini ya mkate ipo) na upapase boneti. Ukisikia chenga chenga, rangi bado ina uchafu ulioganda. Pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi juu ya maji ya shampuu hadi mkono uteleze. Ukiruka hatua hii, chenga hizo zitazungushwa chini ya pedi ya kupolishia na kuchora mikwaruzo mipya.

Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye kingo, mistari ya bodi na plastiki nyeusi. Kwenye kingo rangi ni nyembamba. Kwenye plastiki ndipo penye kero kubwa ya Ultimate Compound: ikikauka inaacha ukungu mweupe kwenye vinyweleo, na kuutoa kunahitaji brashi na uvumilivu.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa baridi. Asubuhi kabla ya saa nne ni sawa, saa saba chini ya jua kampaundi inakauka kabla haijamaliza kusaga na inabaki vumbi tupu. Jaribu kwanza kipande kimoja. Kwa mashine ya polishi inayozunguka huku ikitikisika, weka matone manne ya ukubwa wa harage dogo kwenye pedi, sambaza kwa spidi ya chini, kisha panda hadi ya 5 kati ya 6. Eneo lisizidi sentimita 50 kwa 50. Pita taratibu, wima halafu mlalo, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, mara nne hadi sita. Futa kwa taulo la maikrofaiba. Safisha pedi kwa brashi kila baada ya paneli moja, kwa sababu pedi iliyojaa rangi iliyokufa haikati, inapasha joto tu. Kwa mkono inawezekana pia, ila boneti moja itakuchosha na mikwaruzo mizito itapungua tu.

Pedi ikigeuka nyeupe kwenye Land Cruiser nyeupe ya zamani, usishtuke: nyingi zina rangi isiyo na klia, na kinachotoka ni rangi yenyewe. Endelea kwa mkono mwepesi. Kinachopaswa kukushtua ni fundi aliyefunga pedi kwenye grainda. Grainda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, mashine halisi ya polishi haihitaji zaidi ya 3,000. Pembe ya boneti inaungua kabla hujamaliza kumkataza.

Ili kujua kama mikwaruzo imeondoka au imefichwa na mafuta, futa kwa spiriti ya isopropili sehemu moja na maji sehemu tatu, kisha mulika kwa tochi.

Halafu 845. Asubuhi za Juni na Julai inaganda ndani ya chupa, hivyo iloweke kwenye maji ya vuguvugu na uitikise sana. Matone machache yanatosha mlango mzima, na ukiona waksi kwa macho umepaka nyingi mno. Subiri hadi kidole kikipita kiache njia safi, kisha futa mara moja. Wengi wanailaumu kwamba ni ngumu kufutika, na kweli ni ngumu ukiipaka nene au ukiiacha hadi baada ya chakula cha mchana. Ikikugandia, paka tena kidogo juu yake, italainika. Mpako wa pili usubiri hadi kesho yake.

Kuanzia hapo sabuni ya unga isiguse gari, kwani inatafuna waksi. Maua ya jakaranda ya Oktoba na Novemba yaondoe kwa maji kabla hayajaozea kwenye boneti. Maji yakiacha kukusanyika matone na kuanza kulala bapa, rudia 845 peke yake. Gari lililotoka kupulizwa rangi karakana lisubiri angalau siku 30 kabla ya waksi, maana rangi mpya bado inatoa mvuke wa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi.