Saidia fundi au VETA kwanza?

Vijana wa Moshi wasio na uzoefu wa ujenzi huniuliza hili kila mara: waanze kama saidia fundi, yaani kibarua wa fundi mwashi, au chuo cha ufundi stadi cha VETA? Kwa pesa, saidia fundi anashinda: mara nyingi unalipwa jioni ileile, ingawa mabega yanawaka kwa karai za zege. VETA kuna ada. Ila saiti haina uhakika. Masika ya Machi hadi Mei yakikolea, msingi unajaa maji na fundi hapigi simu. Wengine hubeba ndoo miaka bila kushikishwa timazi, kifaa cha kupima kama ukuta umenyooka wima, na hilo linaniuma. VETA utafundishwa kuitumia, na cheti husaidia unapoomba kazi ya matengenezo hotelini au shuleni.

Una watoto wanaokutegemea? Anza saiti, mwombe fundi akuachie ujenge kozi moja, yaani mstari mmoja, wa tofali. Baadaye VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Una wa kukulipia ada? Nenda darasani.