Mpango Mkakati wa Taasisi ya Umma: Muundo Imara, Viashiria Dhaifu

Nimesoma, kuanzia jalada hadi kiambatisho cha mwisho, mpango mkakati wa taasisi moja ya umma hapa Tanzania wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Siitaji taasisi hiyo, kwa kuwa ninachokipima hasa ni muundo wa waraka, nao unafanana katika wizara, mamlaka na wakala nyingi zinazofuata mwongozo wa Serikali wa kuandaa mipango na bajeti.

Sura ni nne: utangulizi, uchambuzi wa hali ilivyo, mpango wenyewe, na mfumo wa kupima matokeo. Dira, dhima na maadili ya msingi nimeyapitia haraka, maana maneno yake yangeifaa taasisi yoyote. Uchambuzi wa hali ilivyo una uzito zaidi, hasa pale taasisi inapokiri udhaifu wake yenyewe, kama vile uhaba wa watumishi na mifumo ya kompyuta isiyosomana.

Uzuri wa muundo huu umo katika sura ya tatu. Malengo hupangwa kwa herufi. Lengo A huhusu UKIMWI na Lengo B mapambano dhidi ya rushwa, kwa sababu mambo hayo mawili yanazigusa ofisi zote, na kazi mahususi ya taasisi huanzia Lengo C. Kila lengo lina mikakati yake, shabaha zenye ukomo wa muda, kwa mfano “ifikapo Juni 2026”, na viashiria vya kupimia. Herufi hiyohiyo huendelea hadi kwenye bajeti ya kila mwaka, ambako kila shughuli hubeba alama ya lengo inalolitumikia, kiasi kwamba mtu mwenye subira anaweza kuifuata fedha kutoka kifungu cha matumizi hadi ahadi iliyotolewa miaka mitano nyuma. Nauheshimu sana ufundi huo, na ningependa madiwani, waandishi wa habari na wanafunzi wetu wa vyuo waufahamu.

Viashiria ndivyo vilivyonisikitisha. Katika mpango niliousoma, vingi vinahesabu shughuli: idadi ya mafunzo yaliyotolewa, idadi ya vikao vilivyofanyika, idadi ya vifaa vilivyonunuliwa. Mwongozo unatofautisha vizuri kati ya shughuli, zao linalopatikana na mabadiliko ambayo mwananchi anayaona, lakini waandishi wa mpango huu wameishia kwenye shughuli na zao, bila kufika kwenye mabadiliko. Nililihisi pengo hilo mwenyewe nilipoomba kibali katika taasisi hiyo. Mkataba wake wa Huduma kwa Mteja uliahidi siku 14, nami nilisubiri zaidi ya miezi miwili; nilipoutafuta muda huo wa kusubiri ndani ya mpango, sikukuta kiashiria hata kimoja kinachoupima. Aidha, katika safu ya hali ya mwanzo, ambako panapaswa kuandikwa mahali taasisi ilipoanzia, baadhi ya nafasi zimeachwa wazi, jambo linalomnyima msomaji njia ya kujua kama kuna hatua iliyopigwa.

Lugha nayo ni kikwazo. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mpango huu, unaowataja wananchi kuwa wadau wa kwanza, umeandikwa wote kwa Kiingereza. Muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili, wenye malengo, shabaha na viashiria tu, ungetosha kuanzia.

Kwa muundo ninautunuku alama nne kati ya tano, kwa viashiria mbili. Anayetaka kusoma mpango wa aina hii namshauri aanzie sura ya nne, kwenye jedwali la matokeo, kisha arudi kwenye Lengo C. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025 na utekelezaji wake umepangwa kuanza Julai 2026, hivyo taasisi zinalazimika kuandika mipango mipya ya kuendana nayo. Katika mpango mpya wa taasisi niliyoisoma, ukurasa wa kwanza nitakaoufungua ni ule wa viashiria, nione kama siku za kusubiri kibali zimeingizwa na hali ya mwanzo imejazwa.