Basi la usiku Dar–Arusha: siti safi, ila mlevi mtajijua wenyewe

Nimesafiri wiki iliyopita kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi kwenda Arusha, basi la saa 3 usiku, kampuni siitaji maana dereva wao namheshimu. Nauli 45,000. Siti zinalala vizuri, AC sio zile za kukugandisha, chaji inafanya kazi, soda na biskuti ndo vilevile vya siku zote. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023 mimi mchana sisafiri labda nilazimishwe.

Balaa lilianza Chalinze. Kapanda jamaa ananuka pombe mpaka dereva kageuka kumwangalia, na bado konda kapokea hela mkononi kampa siti, tena pembeni ya dada mmoja mbele yangu. Mtu wa hivyo unamzuia mlangoni aisee, akishaingia imekula kwenu. Hata nusu saa haijaisha kaanza kumwegemea dada, mara mkono pajani, dada kapiga kelele, jamaa akaanza kututukana basi zima. Vijana wa nyuma wakataka wamshushe porini kwa mateke. Dereva kagoma, "nikimwacha hapa akagongwa na lori naenda jela mimi, sio nyie". Na yuko sahihi, raia unaruhusiwa kumshika mtu anayefanya kosa mbele yako ila unamkabidhi polisi haraka, mambo ya kumpiga hayamo.

Tukafika kwenye kizuizi cha polisi barabarani, afande kapanda na tochi. Yeye mtu akifanya fujo mbele yake anamkamata hapohapo bila hati ya mahakama, na kweli alimshusha, jamaa ghafla kawa mpole, "shikamoo afande", utadhani katoka kwaya. Afande kauliza, mlalamikaji nani, ashuke aandike maelezo. Kimyaa. Wale wa mateke wote wanaangalia simu zao. Dada kauliza, basi litanisubiri? Konda kaangalia saa, kasema dada sisi tuna ratiba. Sasa usiku ule, mwanamke peke yake, begi liko kwenye buti, nani angeshuka? Karudi kukaa. Afande kampa jamaa onyo, akapandishwa tena, safari hii kawekwa mbele kwa konda.

Mimi silaumu sana polisi, bila maelezo ya aliyeshikwashikwa kesi inasimamia wapi. Lawama yangu ni kampuni, dakika 20 za kumsubiri abiria wenu zingewapunguzia nini wakati Korogwe mlisimama nusu saa nzima kula chipsi?

Kulipopambazuka nikamwambia dada Arusha kuna dawati la jinsia polisi, aende. Akaniuliza, nikamshtaki nani? Jamaa alishashuka Same, na kwa vile hakukatiwa tiketi hata jina lake konda hana.

Nyota 2 kati ya 5, zote mbili za dereva.