Saa moja angani: ndege gani uilipie kwanza ukiwa Nairobi

Ukiwa kwenye matatu Barabara ya Lang'ata, mpenda ndege utamjua tu. Ndiye anayekatiza mazungumzo na kuinamia dirishani kwa sababu kuna kitu kinashuka kuelekea Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi. Tuko wengi wa aina hiyo mjini, na wengi wetu tumejiaminisha kwamba kushika usukani wa ndege ni mambo ya kutazama kwenye simu. Sivyo. Kununua ndege kunataka mali, lakini kununua saa moja ya kurusha ndege, mwalimu akiwa pembeni, kunataka akiba ya miezi kadhaa na kujua unachokilipia. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: kwa pesa utakayotoa, ni dakika ngapi ndege itakuwa mikononi mwako?

1. Cessna 172

Kwangu hakuna inayoifikia. Imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1950 na zimeshatoka zaidi ya 44,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine iliyoifikia. Uimara wake hauna shaka: kati ya Desemba 1958 na Februari 1959 marubani wawili waliikalia angani siku 64 mfululizo huko Las Vegas, wakivuta mafuta kutoka kwenye lori lililokimbia chini yao. Kwa Nairobi ina faida nyingine: bawa lake liko juu, kwa hiyo Mbuga ya Taifa utaiona yote hapo chini bila kitu cha kukuziba.

Fika mapema ushuhudie ukaguzi, maana nao ni sehemu ya ulichonunua. Mara yangu ya kwanza mwalimu aliinama chini ya bawa, akakinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, akakiinua juu kuelekea angani. Petroli ya ndege hizi ni ya samawati. "Tazama chini kabisa," akaniambia. "Kama kuna maji, yatakuwa yamekaa hapo." Nilikitazama kile kikombe kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote.

Kisha kuna suala la hewa, ambalo wageni kutoka pwani hawalitarajii. Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi. Joto likifika nyuzi 26 mchana, injini na mabawa vinafanya kazi kana kwamba viko karibu futi 8,000. Injini ya nguvu za farasi 160 inakuwa imepoteza karibu robo ya nguvu zake kabla hujaanza kukimbia. Ndiyo maana utamwona mwalimu akivuta kidogo kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ili kupunguza mafuta, hata kabla ya kupaa, na ndiyo maana njia ya kurukia itaonekana ndefu kuliko ulivyozoea kwenye video. Ikishaachia ardhi inapanda taratibu, huku Ngong ikikungoja mbele. Hapo ndipo mwalimu wangu alipoachia mikono na kusema, "Haya, ni yako. Macho nje, si kwenye mita za dashibodi." Nilikuwa nimeukamata usukani kama anayening'inia mlangoni mwa matatu. Akaniambia nitumie vidole viwili tu, na kweli, ndege ikatulia.

Sasa pesa. Uliza maswali haya kabla ya kulipa: bei inajumuisha mafuta na mwalimu? Ada za kutua ziko ndani? Na zaidi ya yote, saa inaanza kuhesabiwa lini? Safari yangu ya pili niliweka saa nne asubuhi, tukawasha injini, tukajipanga nyuma ya ndege za watalii kwa dakika 20, na mita ikawa inahesabu wakati wote huo. Shule haikuwa imenieleza, na nikarudi chini nikiwa nimeruka dakika 40 kwa bei ya 60. Tangu siku hiyo naomba nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi, kabla foleni na joto havijaanza. Omba pia kiti cha kushoto, na uulize kama mwalimu ataiandika safari kwenye daftari la urubani. Leseni ya rubani binafsi inadai angalau saa 40, na huenda hii ikawa ya kwanza.

Bajeti ikibana, kuna 152, ndugu yake mdogo. Ni ya watu wawili, mabega yanagusana, na kwa mwinuko wetu hupanda polepole mno. Ukiwa na mwili mkubwa, sema uzito wako kwa simu bila haya, maana watauhesabu.

2. Piper Super Cub

Hii ndiyo ninayoiota mimi. Ilianza kutengenezwa 1949: mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, na fimbo ya kuongozea katikati ya magoti. Ndizo ndege ambazo kwa miaka mingi zimefanya doria za wanyamapori Tsavo, kwa sababu huenda polepole kiasi cha kuhesabu tembo na hutua mahali ambapo gari lenyewe lingesita.

Nimeiweka ya pili kwa sababu za kukodi ni chache sana, na kwa sababu ya gurudumu la mkia. Uzito wake uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ikiwa chini inataka kugeuka mkia uje mbele, na ni miguu yako kwenye kanyagio inayoizuia. Pata saa kadhaa za 172 kwanza, kisha tafuta mwalimu anayeijua vizuri.

3. Tiger Moth, ukiwa na safari ya Uingereza

Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929, na ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Tiger Moth ya 1931 ilitokana na hiyo: mabawa mawili juu na chini, kichwa wazi kwenye upepo. Uingereza bado unaweza kulipia safari na ukapewa fimbo. Spitfire ya viti viwili, ile ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, nayo ipo, lakini ni maelfu ya pauni kwa nusu saa. Kwa pesa hiyo ningerudi Wilson nimalizie leseni.

4. Caravan ya kwenda Mara

Caravan ni ndege ndogo ya abiria. Hutashika chochote, ila hakuna mlango kati yako na marubani. Omba kiti cha mbele na utaona kila kitu kwa robo tatu ya saa, hadi vumbi la kutua kwenye viwanja vya Ol Kiombo au Keekorok. Ni zawadi nzuri kwa mzazi.

5. Dreamliner, kwa kiigizo tu

Dreamliner ni Boeing 787, ndege kubwa ya abiria. Kenya Airways ilipokea yake ya kwanza 2014, na tangu Oktoba 2018 imekuwa ikienda New York moja kwa moja. Usukani wake hauuzwi kwa saa. Kinachobaki ni kiigizo, yaani mtambo au programu inayoiga urukaji: programu nzuri ya kompyuta na usukani wa mezani vitakufundisha taratibu, lakini mwili hautahisi kitu. Ukitaka kiigizo cha kweli, kuna cha Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti na kumaliza safari zake za abiria Oktoba 2003. Kile kilichofundishia marubani wake kipo Brooklands, Uingereza.

Kuhusu tarehe: kati ya Juni na Agosti mawingu hukalia Ngong hadi saa nne au tano asubuhi, na safari nyingi za mapema huahirishwa. Januari na Februari anga huwa safi. Mimi nimeshaweka nafasi ya Januari, saa moja na nusu asubuhi, na safari hii nampeleka binti yangu akae nyuma.