Mashine ya presha ya kuvaa juu ya kiwiko: inafaa, ila chunguza mkanda wake

Kati ya mashine za kidijitali za nyumbani, tunapendekeza inayobana mkono juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono ni nyepesi kubeba, lakini ukiishusha kidogo tu chini ya usawa wa moyo, namba zinapanda.

Udhaifu mkubwa uko kwenye mkanda unaojazwa hewa kubana mkono. Unaokuja na mashine nyingi hutosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono mnene ukibanwa na mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Pima mzunguko kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio asitegemee mashine hii pekee.

Kabla ya kupima, kaa dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati.

Mashine haioni ubongo, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi. Ikisoma 180/120 au zaidi, na mtu ana maumivu makali ya kichwa, anatapika, anaona ukungu, amechanganyikiwa au ana degedege, huenda ubongo unavimba. Msirudie kupima, mpelekeni hospitali mara moja. Msimwongezee vidonge ili ishuke haraka: presha ikiporomoka ghafla, ubongo hukosa damu. Hospitalini huishusha taratibu kwa dawa ya mshipani.