Butterfly ya pedeli na turubai la kambi: maoni yangu baada ya kushona na kulala chini yake

Niseme mapema: kwa anayetaka kujishonea turubai la kambi nyumbani, cherehani ya Butterfly ya kukanyaga, ile nyeusi yenye meza ya mbao, inatosha na chenji inabaki. Kwa sare za shule na madera zipo mashine za umeme zenye kasi zaidi, sibishi. Kwenye turubai naichagua hii.

Sababu ni pembe. Sehemu kubwa ya turubai ni mishono mirefu iliyonyooka ambayo yeyote aliyeshika cherehani ataiweza. Kazi iko pale kamba inapofungwa, maana upepo wote unaoingia kwenye kitambaa unakwenda kuvutia hapo. Pembe moja ya turubai langu ina kitambaa chenyewe, pindo lililokunjwa mara mbili, viraka viwili vya ndani na mkanda wa begi uliokunjwa kuwa kitanzi. Nikifika hapo natoa miguu kwenye pedeli, nashika gurudumu kwa mkono wa kulia na kulizungusha taratibu, tundu moja baada ya jingine. Unasikia kabisa sindano ikigusa mkanda, inasita, halafu inapenya. Nashona mraba, kisha msalaba wa kona kwa kona ndani ya mraba, narudia juu yake. Wifi yangu ana cherehani ndogo ya umeme ambayo sitaitaja jina. Pembe ya kwanza tu ilinguruma, ikaanza kunuka moto, na sindano ikakatika. Nikamwambia, "Wifi, izime hiyo, lete kitambaa huku."

Kitambaa ni polista yenye vijisanduku. Ukikiinua kwenye mwanga unaona nyuzi nene zikikatizana kila baada ya milimita chache, na ndizo unazozilipia: kikichanika, mpasuko unafika kwenye uzi mnene na kusimama. Dukani Mtwara mjini walinitolea nailoni pia, laini, inavutia mkononi. Niliiacha, kwa sababu nailoni hunywa maji na kulegea. Turubai ulilolikaza jioni unalikuta asubuhi limening'inia usoni kwako. Tena jua huimaliza upesi kuliko polista, na jua la huku mnalijua. Upana wa kitambaa ulikuwa mita 1.5, kwa hiyo nilichukua mita 6, nikakata vipande viwili sawa, nikaviunganisha katikati. Ukitoa mshono na mapindo unabaki na kitu cha karibu mita 3 kwa 3. Watu wazima wawili na watoto wanakaa chini yake na sufuria zao.

Mshono wa katikati ni ule wa pembeni mwa suruali ya jinzi, kingo zimeingiana na hakuna uzi wa pindo unaobaki nje. Nimeuweka juu kabisa, kwenye mgongo wa turubai, ili maji yateremke pande zote mbili yasilale juu ya matundu. Hapa naomba mnisikilize: msitumie pini. Tundu la pini kwenye kitambaa cha namna hii halizibi tena. Bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mshono nao uwe mrefu, milimita 3 hadi 4. Ukiubananisha unakitoboa kitambaa mstari mzima na kukipa mahali pa kuchanikia. Uzi uwe wa polista, wa pamba unaoza. Baada ya kushona nilisugua mshono wote kwa nta ya nyuki, nikauacha juani hadi nta ikalainika na kuingia. Mvua za Machi zilipokuja nilitandaza turubai uani hapa Mikindani, nikaweka kiti chini yake. Maji hayakupita.

Butterfly ina kasoro zake. Nafasi ya kulia mwa sindano ni finyu, na ukifika mshono wa katikati lazima nusu ya turubai ipite hapo. Inabidi uliviringe kwa kubana sana, na mtu mwingine alivute polepole upande wa nyuma bila kulikaza. Peke yako ni mateso. Upande wa kitambaa uliopakwa mpira unang'ang'ania kikandamizo, kile kimguu kinachobana kitambaa chini ya sindano, basi unaweka ukanda wa karatasi juu yake, unashona, unauchana. Mkanda wa ngozi nao hulegea na unyevu wa masika, unaanza kukanyaga bila gurudumu kuitika, hadi uukate kidogo na kuuunga upya. Na kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, usipoipaka mafuta kila ukimaliza kazi, kutu inaanzia kwenye bamba la sindano.

Kusi lilipokolea tulilipeleka Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari, tukalifunga kati ya miti nyuma ya ufukwe. Upepo ulilipiga usiku kucha. Jirani zetu walikuwa na turubai la plastiki la bluu, lile la dukani lenye ringi za bati. Kabla hakujapambazuka ringi mbili zilikuwa zimeng'oka na turubai linapigapiga hewani. Kijana wao mmoja alikuja kuangalia pembe zangu, akavivuta vitanzi kwa nguvu. "Shikamoo shangazi. Hili unauza?" Nilimwambia siuzi, ila mama yake kama ana cherehani aje nimwoneshe, na nilimaanisha.

Kwa bei, msidanganyike. Mita 6 za kitambaa, mkanda, uzi na kamba vilinigharimu zaidi kuliko lile la bluu, na saa zangu sijazihesabu. Anayetaka kufunika korosho au matofali anunue la bluu, litamtosha. Anayetaka kulala porini na wanawe ashone.

Ukienda kununua vifaa, chukua sindano namba 14 kwa mishono mirefu na namba 16 kwa pembe, na uchukue za akiba. Ringi za chuma ziache hukohuko dukani. Chumvi itazila, na mkanda wa begi unafanya kazi hiyohiyo bila kutoboa kitambaa.